Waziri atangaza, mkaazi akaidi: Lugha ya habari wakati wa maradhi

MSOMAJI, ukipata nafasi tafuta magazeti ya kati ya Machi na Julai 2020, yale ambayo hayajafungiwa mahamri bado, uyasome tena taratibu. Usiangalie idadi ya wagonjwa. Hiyo uliisikia kila alasiri mpaka ukachoka. Angalia vitenzi. Katika kila sentensi jiulize ni nani anayetenda na ni nani anayetendwa.

Utaona jambo la ajabu kidogo. Waziri hutangaza, huonya, huagiza, hukaza kamba na kuilegeza. Gavana hufoka na kuapa. Kamishna hutoa ilani. Mkaazi naye, awe wa Kibokoni au wa Kuze, vitenzi vyake ni vichache na vyote vina doa: hukaidi, hupuuza, hukataa, hutoroka, hunaswa. Virusi vyenyewe, ambavyo ndivyo vilivyoleta kizaazaa chote, mara nyingi havitendi lolote katika habari nzima.

Pengine utasema haya ni mambo ya mwalimu wa sarufi, yanatafuta nini katika ukurasa wa afya? Yanahusu sana. Mtu mwenye homa na kikohozi huamua kwenda hospitali au kujificha nyumbani kulingana na anavyodhani atapokewa. Wakati wa maradhi ya mlipuko, hayo ya kupokewa hayasikii kwa daktari, kwa sababu hajafika kwake. Huyasikia redioni, huyasoma gazetini, ama huyapata barazani kwa jirani aliyesoma gazeti. Basi afisa wa afya akichorwa kama askari, mgonjwa naye atafanya lile ambalo watu wengi hufanya wakiona askari anakuja mlangoni.

ALASIRI ZA AFYA HOUSE

Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Bw Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wakati huo, alikuwa ameapishwa majuma mawili tu kabla. Tangu siku hiyo Wakenya wakazoea ada mpya. Alasiri ikifika runinga hufunguliwa, na kutoka Nairobi husomwa idadi ya sampuli zilizopimwa, waliopatikana na virusi, waliopona na waliofariki, kisha kaunti moja baada ya nyingine, na mara nyingine mtaa kwa mtaa. Asipokuwapo waziri, zamu huwa ya wasaidizi wake wizarani, Dkt Rashid Aman au Dkt Mercy Mwangangi.

Haki apewe mwenye haki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2005 kuhusu mawasiliano wakati wa milipuko ya maradhi husisitiza mambo kama vile kuaminiwa na umma, kutangaza mapema na kusema kwa uwazi. Kusimama mbele ya kamera kila siku na takwimu mkononi ni bora mara mia kuliko kimya. Wazee wetu wana mzaha wao wa zamani kwamba serikali ni "siri kali". Wataalamu wa lugha watakwambia neno lenyewe lina asili ya Kiajemi na hakuna siri yoyote ndani yake, lakini mzaha huo haukuzuka bure. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi humu nchini aligunduliwa mwaka 1984, na ni mpaka Novemba 1999 ndipo Rais Daniel arap Moi alipoutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa. Hiyo ni miaka 15. Ukilinganisha, waziri anayesoma idadi ya wagonjwa siku hiyo hiyo ameipiga nchi hatua kubwa.

Tatizo lilikuwa katika njia baina ya meza ya waziri na ukurasa wa gazeti. Habari ikawa na chemchemi moja, saa moja na sauti moja. Mwandishi akitaka cha kuandika hakuwa na haja ya kwenda wodini wala zahanati ya mtaa, alingoja alasiri. Matokeo yake ni kwamba "ugonjwa umefanya nini leo" ikageuka kuwa "waziri amesema nini leo". Hayo si mamoja. Waziri anaweza kusema jambo kubwa siku ambayo ugonjwa haukubadilika, na ugonjwa unaweza kubadilika sana siku ambayo waziri amesema yale yale ya jana. Msomaji aliyefuata ukali wa maneno badala ya takwimu alipotea njia.

Tena kukaingia lugha ya vita. Tukaambiwa kuna adui asiyeonekana, kuna mstari wa mbele, kuna mapambano, kuna silaha. Nakiri lugha hiyo ina raha yake, na hata mwaka huo ilisaidia watu kuelewa kwamba mambo si mchezo. Lakini vita vina kanuni zake. Vitani kuna amiri jeshi na kuna watiifu, na anayeuliza swali huonekana msaliti. Aliyetaka kujua kwa nini kituo fulani cha karantini hakina maji ya kutosha alikuwa na swali la afya kabisa, na swali hilo katika lugha ya vita halina pa kukaa.

LIKONI: MTENDAJI ANAPOTOWEKA

Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kivuko cha Likoni wakijua. Kila jioni maelfu kwa maelfu ya watu hutoka kisiwani kurudi kwao ng'ambo, na wakati huo hawakuwa na daraja la kupitia. Siku hiyo kila mtu alitaka kuvuka mapema, na foleni ikawa ndefu. Kabla saa moja haijafika, polisi waliwapiga watu kwa virungu na kurusha vitoa machozi katika umati uliokuwa ukingoja feri. Picha zilienea nchi nzima usiku ule ule. Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa Wakenya kwa nguvu zilizotumika kupita kiasi.

Hebu nitunge sentensi mbili za mtindo tuliouzoea, uzipime. Ya kwanza: "Serikali yaanzisha kafyu kulinda maisha ya wananchi." Ya pili: "Purukushani zazuka Likoni, abiria wajikuta wakikimbia vitoa machozi."

Katika ya kwanza mtendaji yupo, tena amevaa kilemba. Katika ya pili ametoweka. Purukushani "zimezuka", kama upele ama kama mvua ya masika. Vitoa machozi vimekuja vyenyewe kutoka mbinguni, na abiria "wamejikuta" humo kama watu waliolala wakaamka mahali wasipopajua. Kiswahili chetu kina utajiri mkubwa wa njia za kumficha mtendaji. Tuna kauli ya kutendwa: walipigwa. Tuna kauli ya kutendeka: nguvu zilitumika kupita kiasi. Tuna "imedaiwa", "imeelezwa" na "inasemekana". Mwandishi mwenye haraka na mwenye hofu kidogo huziokota bila kujua anafanya nini. Afisa wa serikali akitoa, yuko mwanzo wa sentensi kwa cheo chake kizima. Akiumiza, sentensi inageuka inampa mgongo.

Ubaya wake kiafya hauhitaji profesa. Virusi vya Covid-19 huenea kwa pumzi na matone ya mtu anayekohoa au kusema kwa karibu. Kitoa machozi humfanya mtu akohoe, apige chafya, apanguse macho na pua kwa mikono. Watu wakifukuzwa husongamana. Habari iliyosema wazi "polisi walifanya hivi, na kwa kufanya hivyo waliwasogeza watu karibu zaidi saa ile ile walipotakiwa watengane" ingekuwa habari ya afya. Habari ya "purukushani" haimfundishi mtu chochote, si abiria wala mkuu wa polisi.

KUFUNGA NA KUFUNGWA

Sasa tuje Mji wa Kale. Tarehe 6 Mei 2020 Waziri Kagwe alitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka katika mtaa huo, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, kwa siku 15. Muda ukaongezwa, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka tangazo la Rais la tarehe 6 Juni. Kaunti nzima ya Mombasa ilikuwa tayari imezuiwa tangu tarehe 8 Aprili, kwa hivyo Mji wa Kale ulikuwa kufuli ndani ya kufuli.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Misikiti ilikuwa haina sala ya jamaa, futari haikualikiwa wageni, na njia za Ndia Kuu ambazo mwezi huo hukesha zilikuwa kimya tangu magharibi. Watu walikuwa wamefunga, na sasa wakafungwa. Kufunga ni ibada ambayo mtu huinuilia mwenyewe usiku kabla hakujapambazuka. Kufungwa ni jambo unalofanyiwa, na mahali pa kufungwa ni jela. Serikali kwa Kiingereza chake ilijitahidi kusema ni kusitishwa tu kwa safari za kuingia na kutoka. Lakini kichwa cha habari kinataka neno fupi, na Kiswahili kikalitoa: Mji wa Kale wafungwa. Kitenzi hicho ukikitazama mara ya pili kimekuwa jina la watu: wafungwa. Sidhani kuna mhariri aliyekusudia hivyo. Nadhani wako wasomaji waliosikia hivyo.

Neno hilo halikuwa peke yake. Mtu aliyehisiwa kuwa na virusi kabla ya kupimwa aliitwa "mshukiwa", neno lile lile la mtu aliyeshikwa usiku na nyaya za umeme za watu. Aliyepatikana na virusi mara nyingine "alinaswa". Aliyetoka kituoni kabla ya siku zake "alitoroka". Na wodi alimowekwa ikawa ni ya "waliotengwa". Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Hapa pwani kutengwa ni adhabu kubwa. Mtu hutengwa na jamaa zake kwa kosa zito: haaliki arusi wala haendewi matanga. Kujitenga ni jambo jingine kabisa. Mtu hujitenga kwa hiari yake, na anaweza kujitenga kwa kuwapenda watu wake. Silabi moja tu, ile ya "ji", ndiyo iliyotofautisha mtu mwenye hekima na mtu mwenye aibu, na katika haraka ya habari silabi hiyo mara nyingi ilianguka njiani.

Si fikira yangu pekee kwamba maneno haya yana madhara. Tarehe 24 Februari 2020, kabla Kenya haijapata hata mgonjwa mmoja, WHO, UNICEF na Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu walitoa mwongozo kuhusu unyanyapaa. Ulishauri watu wasiitwe washukiwa wala kesi, bali isemwe "mtu anayeweza kuwa na ugonjwa" au "mtu anayetibiwa". Ulionya dhidi ya maneno yanayomfanya mgonjwa aonekane kana kwamba anawaambukiza wenzake kwa kusudi. Sababu waliyoitoa ni ya kiafya: unyanyapaa huwafanya watu wafiche dalili, wachelewe kutafuta matibabu na waache tabia nzuri za kujikinga.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wakaazi wa Mji wa Kale waliitwa wajitokeze kupimwa kwa wingi, na waliojitokeza wakawa haba. Hapo ndipo lile neno "ukaidi" lilipopata nguvu. Lakini mtazame mtu huyu unayemwita mkaidi. Amesikia Aprili serikali ikisema watakaovunja kafyu watapelekwa karantini. Maana yake nyumba ile ile ndiyo ya kumwadhibu mkosaji na ndiyo ya kumhifadhi mgonjwa. Amesikia tena kwamba waliopelekwa karantini siku za mwanzo walidaiwa gharama za kukaa huko, na kibarua wa bandarini asiyefanya kazi hana cha kulipa. Serikali iliondoa gharama katika vituo vya umma baadaye, mwezi Mei. Amesikia mtaa wake ukitajwa mbele ya nchi nzima. Amesoma kwamba waliopatikana na virusi "wamenaswa". Sasa anaambiwa aje mwenyewe kwa miguu yake anyooshe pua. Mimi naona mtu huyo hakuwa mkaidi kwa maana ya punda. Alikuwa amesoma habari akazielewa.

Kuhusu mtaa kutajwa, maoni yangu ni haya. Mtu ana haki ya kujua ugonjwa uko wapi, na kuficha mahali hakusaidii. Lakini kuna tofauti kati ya "virusi vimeenea zaidi Mji wa Kale, ambako nyumba zimebanana na familia kubwa hukaa chini ya dari moja" na "wakaazi wa Mji wa Kale wakataa kupimwa". Sentensi ya kwanza inaeleza sababu na inakupa la kufanya. Ya pili inawaweka watu maelfu katika kapu moja, na wale waliojitokeza kupimwa humo pia. Kwa vile mitaa yote miwili iliyofungwa siku ile ina Waislamu wengi, na mwezi ulikuwa ule, wako walioamini kwamba wameandamwa. Takwimu zilizowekwa mezani pamoja na sababu zake zingejibu tuhuma hiyo. Vitisho viliizidisha.

SERIKALI GANI?

Kuna neno jingine dogo lililoleta kubwa, nalo ni hilo hilo "serikali". Chini ya Katiba ya 2010, sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali ya kitaifa. Huduma za afya za mashinani ni za kaunti. Polisi na makamishna wa kaunti wako chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo katika Mombasa ya 2020 waliosema kwa jina la serikali walikuwa wengi. Aliyetangaza marufuku alikuwa waziri huko Nairobi. Waliosimama kwenye vizuizi vya barabarani walikuwa polisi. Kituo cha vitanda 300 katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilitayarishwa na kaunti, ambayo gavana wake wakati huo alikuwa Bw Hassan Joho.

Habari ikiandika tu "serikali yaagiza wakaazi wapimwe", mkaazi hajui anayemwita ni nani. Ni muuguzi wa kaunti anayetaka kumtibu, au ni yule aliyekuwa Likoni na kirungu? Kwa akili ya kawaida atamchukulia yule aliyemwona mara ya mwisho. Mwandishi angeongeza maneno matatu, "wauguzi wa kaunti", na hofu ingepungua nusu. Redio zetu za hapa, kama Pwani FM, Radio Rahma, Radio Salaam na Baraka FM, zina nafasi kubwa katika hili kwa sababu zinaweza kumleta daktari wa karibu aseme kwa sauti ya nyumbani, naye msikilizaji apige simu amuulize. Daktari anayeulizwa swali na mama wa Mkanyageni hana namna ya kubaki amiri jeshi.

Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na msiba wa namna yake. Kule takwimu za mwisho, wagonjwa 509, zilitolewa tarehe 29 Aprili 2020, kisha kukawa kimya, na mapema Mei Rais John Magufuli akaeleza hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zilileta majibu ya kuwa na virusi. Huku kwetu kiongozi alisawiriwa kama mkali; kule akasawiriwa kama jasiri asiyetishwa na maradhi. Msomaji wa Lunga Lunga aliyesikiliza redio za pande zote mbili za mpaka angedhani ni magonjwa mawili tofauti. Jambo la kushukuru ni kwamba Watanzania walitupa neno "barakoa", ambalo lilikuwa limelala kamusini, na leo kila mtu analijua.

SHUJAA NA MWIZI

Agosti 2020 upepo ukageuka. Runinga ya NTV ilirusha uchunguzi wake kuhusu matajiri waliozalishwa na Covid, habari za zabuni za vifaa katika mamlaka ya dawa ya KEMSA zikajaa, na Bunge likaanza kuhoji. Lugha ikabadilika usiku mmoja. Wale waliokuwa wakiongoza mapambano wakawa wamezingirwa, wanabanwa, wanajitetea, wanatupiana lawama. Ilikuwa kazi nzuri ya uandishi na ilihitajika.

Hata hivyo hebu angalia tena ni nani aliyekuwa mtendaji. Ni yule yule mkubwa. Jana shujaa, leo mshukiwa, na muuguzi bado hana kitenzi. Daktari wa kwanza wa Kenya kufa kwa ugonjwa huo, mwanamke aliyekuwa kazini, alifariki Julai mwaka huo. Ni watu wangapi walikuwa wakiingia wodi za Pwani bila mavazi kamili ya kujikinga? Hilo ndilo swali la afya ndani ya kashfa ya fedha, na lilifunikwa na majina ya wakubwa. Wahudumu walipata kitenzi chao Desemba 2020 walipogoma: wauguzi na maafisa wa kliniki tarehe 7, madaktari tarehe 21. Na hapo nako baadhi ya habari ziliwaweka upande wa wanaokaidi.

Si kila mlipuko huandikwa hivi. Homa ya chikungunya ilipoingia Mombasa Desemba 2017, kufikia tarehe 3 Februari 2018 visa 453 vilikuwa vimeripotiwa, 32 kati yake vimethibitishwa na maabara. Jina lenyewe ni la Kimakonde, likieleza jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mtu. Ugonjwa huo ulikuwa na mtendaji ambaye hakuna awezaye kumwachia nafasi yake waziri: mbu wa Aedes, anayeuma mchana na kuzaa katika pipa la maji lisilofunikwa. "Mbu huzaa katika pipa lako" ni sentensi inayokupa kazi ya kufanya kabla ya adhuhuri, na haikuaibishi.

Nitatunga tena mfano, safari hii wa habari moja kwa njia mbili. Njia tuliyoizoea: "Waziri awaonya wakaazi kaidi, asema watakaokataa kupimwa watakiona cha mtema kuni." Njia nyingine: "Wauguzi wa kaunti watapima watu kesho kuanzia saa mbili asubuhi, bila malipo. Jina la mtu halitatangazwa. Atakayepatikana na virusi na hana dalili kali ataelezwa namna ya kujitenga. Mwenye kushindwa kupumua atapelekwa hospitali. Tulipomuuliza waziri ni nani atakayelisha familia ya aliye karantini, alijibu hivi." Katika habari ya pili waziri hajadharauliwa. Yumo, na cheo chake kimo. Ila amewekwa mahali pa kujibu, na wewe msomaji umepewa saa, bei na mlango.

Mambo hayo hayakwisha na Covid. Novemba 2022 WHO ilibadilisha jina la ugonjwa tuliouita homa ya nyani, ikauita mpox, kwa sababu jina la kwanza lilikuwa likitumiwa kuwatusi watu. Tarehe 31 Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, msafiri aliyepatikana mpakani Taveta, na baadaye Mombasa nayo ikawa miongoni mwa kaunti zilizopata wagonjwa. Ukisoma habari ya ugonjwa huo, ruka kwanza aya inayoeleza nani kaonya na nani kaagiza. Tafuta kama imekwambia kwamba huambukiza hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mwenye vipele, au kwa kutumia shuka na nguo zake. Kwamba dalili huweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza. Kwamba pamoja na vipele huja homa, maumivu ya mwili na kuvimba tezi. Na kwamba wengi hupona katika muda wa majuma mawili hadi manne. Kama haimo, piga simu redioni au nenda zahanati ya karibu uulize, na ukimpata aliyeandika habari hiyo, mwulize na yeye.